Je, Wajua? Vicheko Vilivyotikisa Wakubwa, Kuanzia Mto Tana hadi Mogadishu

Kaskazini mashariki mwa Kenya, redio ilifika kabla ya lami, kabla ya umeme na kabla ya simu. Ndiyo maana watu wa huko wanaijua nguvu ya sauti. Wamesikiliza vita vikipiganwa redioni, wakasikia mashairi yakimkera rais, na wamewafuatilia wachekeshaji waliolipia mzaha wao kwa damu. Nimekukusanyia mambo ya wacheshi na watangazaji waliothubutu kuwagusa wakubwa, wa jirani na wa mbali kidogo. Baadhi yatakuvunja mbavu, na mengine yatakunyamazisha.

Eneo kubwa kuliko Malawi nzima

Unganisha kaunti za Garissa, Wajir na Mandera utapata zaidi ya kilomita za mraba 120,000. Malawi inaingia humo na nafasi inabaki. Rwanda na Burundi kwa pamoja zinaingia mara mbili! Lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 tu katika kaunti zote tatu.

Kutoka Nairobi hadi Garissa mjini ni mwendo wa kilomita kama 370, na ukitaka kufika Mandera safari inapita kilomita 1,000. Gazeti la asubuhi la Nairobi lingefika huko habari zake zimeshapoa. Mfugaji aliye malishoni na ngamia wake alihitaji chombo kisichosubiri gari: redio ndogo ya betri, antena imevutwa, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Katika eneo la namna hiyo, mtu mwenye kipaza sauti ana hadhira ambayo hata chifu hana.

Idhaa mbili za umri mmoja

Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kurusha matangazo tarehe 27 Juni 1957. Idhaa ya Kisomali ilifuata tarehe 18 Julai mwaka huo huo. Ni wiki tatu kamili kati ya tarehe hizo! Somalia yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru, uliokuja Julai 1960, na Kenya ilisubiri hadi Desemba 1963.

Msikilizaji wa Garissa anayezijua lugha zote mbili aliweza kusikia habari moja mara mbili, akalinganisha. Nadhani ndiyo sababu ukibishana siasa na mzee wa Garissa ujiandae vizuri.

Vita vya risasi, na vita vya mawimbi

Je, wajua kwamba wakati wa vita vya Shifta, vya Wasomali wa Kenya waliotaka kujiunga na Somalia, kati ya 1963 na 1967, Redio Mogadishu iliwarushia Wakenya matangazo kwa Kiswahili? Serikali ya Nairobi nayo ikajibu kwa matangazo ya Kisomali kupitia Sauti ya Kenya. Kila upande ulitaka kuingia nyumbani kwa mwenzake bila kuvuka mpaka, na redio iliuwezesha.

Uzito wa matangazo hayo unaonekana katika mapatano ya mwaka 1967, yaliyoanzia Kinshasa na kukamilishwa Arusha chini ya usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Pamoja na kurudisha amani mpakani, pande mbili zilikubaliana kukomesha propaganda za uhasama redioni na magazetini. Maneno yaliwekwa mezani pamoja na bunduki.

Siku 16 tu za uhuru

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 mwezi huo huo, Kaskazini Mashariki ikawekwa chini ya hali ya hatari. Hali hiyo iliondolewa mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Wajir siku bendera mpya ilipopandishwa alikuwa anakaribia miaka 28 siku alipoanza kuishi chini ya sheria zile zile za mtoto wa Nakuru.

Kumbuka jambo hili unapojiuliza kwa nini eneo lenye wasemaji hodari namna hii lilichelewa kutoa wachekeshaji wa jukwaani wa kuisema serikali. Palipo na amri ya kutotoka nje, nani angekusanya watu ukumbini usiku ili wacheke?

Bunge la mashairi, herufi moja tu

Kama jukwaa limefungwa, Wasomali wana ushairi. Mwaka 1979 mshairi Mohamed Hashi Dhamac, anayefahamika kama Gaarriye, alitunga shairi la kukosoa ukabila katika utawala wa Rais Siad Barre wa Somalia. Washairi wengine wakamjibu, wengine wakawajibu waliomjibu, mpaka ukazuka mjadala wa taifa zima wa makumi ya mashairi. Kanuni ilikuwa moja, nayo ni ngumu kupindukia: sauti ya kurudiwarudiwa katika kila mstari iwe D. Mjadala wote ukaitwa Deelley.

Jaribu kubishana na rafiki yako juu ya serikali kwa dakika tano tu, kila sentensi ikiegemea herufi moja. Sasa fanya hivyo kwa miezi, huku askari kanzu wanasikiliza! Mashairi hayo yalisafiri kwa kanda za kaseti, zikinakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Hadraawi, malenga aliyekuwa ameshafungwa miaka mitano, kuanzia 1973 hadi 1978, naye aliingia uwanjani. Serikali ingeweza kuzima kituo cha redio, lakini ingezima vipi kila kicheza kaseti kilichokuwa kwenye duka la chai?

Gari lililomchoma rais

Mwishoni mwa utawala wa Siad Barre, wimbo uliowauma wakubwa kuliko hotuba yoyote ulihusu gari. Unaitwa Land Cruiser, na aliyeupa umaarufu ni mwimbaji Saado Ali Warsame. Kejeli yake ilikuwa nyepesi kueleweka: nchi inaomba nafaka kwa wahisani huku vigogo wake wakiagiza magari ya kifahari. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameyaona magari hayo yakipita.

Miaka zaidi ya 20 baadaye mwimbaji huyo alikuwa mbunge wa Somalia. Aliuawa kwa risasi mjini Mogadishu mwezi Julai 2014, akiwa bado mbunge.

Siku jogoo alipochukua nafasi ya muziki

Aprili 2010, kundi la wanamgambo la Hizbul Islam liliziamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki wa aina yoyote, hata ule mfupi unaotangulia taarifa ya habari. Stesheni nyingi zilitii, kwa kuwa kukataa kulikuwa ni kufa. Lakini kipindi lazima kifunguliwe na kitu! Basi wahariri wakaweka milio mingine: jogoo akiwika, mawimbi ya bahari yakipiga, farasi, hata milio ya bunduki.

Hebu fikiria umekaa na kikombe chako cha chai, saa ya habari imewadia, na badala ya ala unamsikia jogoo. Wale watangazaji walitii amri neno kwa neno, na papo hapo wakaifanya ionekane jinsi ilivyo. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya mambo ya ujasiri mkubwa katika historia ya redio ya Afrika Mashariki, na linastahili kufundishwa katika kila chuo cha uandishi wa habari.

Marshale, mcheshi aliyerudi nyumbani

Sasa tufike kwa mtu ambaye jina lake lingepaswa kujulikana Garissa, Nairobi na Dar es Salaam kama lilivyojulikana Mogadishu. Abdi Jeylani Malaq, maarufu kama Marshale, alikuwa mchekeshaji, mwigizaji na mtangazaji. Alisikika kwenye Redio Kulmiye ya Mogadishu, na kazi iliyompa jina ni kuwaigiza wanamgambo: wanavyozungumza, wanavyotoa amri, wanavyojikweza. Aliwageuza watu waliokuwa wakitisha mji mzima kuwa watu wa kuchekwa.

Uone kazi hiyo kwa karibu. Mchekeshaji wa redio hana uso wa kukunja, hana nguo ya kuvaa, hana mkono wa kupunga. Ana sauti peke yake. Ili umwigize mwanamgambo redioni lazima uikamate sauti yake sawasawa, pale anapovuta neno, pale anapokaza koo, mpaka msikilizaji aliyemsikia mtu wa namna hiyo jana kwenye kizuizi cha barabarani amtambue papo hapo. Na akishamtambua akacheka, hofu imepungua nguvu. Wenye bunduki waliujua ukweli huo vizuri kuliko wahakiki wa sanaa.

Al-Shabaab walimtishia maisha. Mwaka 2011 alijificha Somaliland kwa siku kadhaa. Kisha akarudi Mogadishu, akaketi tena mbele ya kipaza sauti. Mji wenyewe ulikuwa unaanza kupumua, kwa sababu Agosti mwaka huo Al-Shabaab walikuwa wameondoka katika sehemu kubwa ya mji. Maduka yalifunguliwa, majumba yakapakwa rangi, na watu walikuwa na kiu ya kicheko.

Tarehe 31 Julai 2012, mwezi wa Ramadhani, watu wawili wenye bastola walimpiga risasi karibu na nyumbani kwake. Tarehe 1 Agosti, yaani siku iliyofuata, wajumbe waliokutana hapo hapo Mogadishu waliipitisha katiba ya muda ya Somalia. Kifungu chake cha 18 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na kinautaja kabisa ubunifu wa kisanaa. Marshale aliukosa ulinzi huo wa maandishi kwa usiku mmoja.

Na miezi mitatu baadaye

Warsame Shire Awale, mshairi, mtunzi na mchekeshaji, alifanya kazi katika Redio Kulmiye hiyo hiyo. Naye aliwakejeli wanamgambo, na naye aliuawa kwa risasi, tarehe 29 Oktoba 2012. Ni wachekeshaji wawili wa stesheni moja, ndani ya miezi mitatu.

Mcheshi wa gazetini aliyefungwa miezi 15

Tuvuke mpaka turudi Kenya. Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kila Jumapili kupitia safu yake ya Whispers, alikamatwa mwaka 1986 wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, na akafungwa miezi 15. Alipotoka hakuacha mzaha. Aliupeleka hata kwenye baa, akiandaa michezo ya kuigiza kwa Kikuyu penye meza za wanywaji, pasipo jukwaa rasmi wala viti vya safu. Alifariki dunia Julai 2003.

Rungu, ua la waridi na sauti ile

Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, ilianza na jambo moja: Mtukufu Rais amefanya nini leo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta wakafanya jambo ambalo kizazi cha kabla yao hakikuthubutu. Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna waliunda kundi la Redykyulass, na Mong'are, anayejulikana zaidi kama Nyambane, akamwigiza Rais Daniel arap Moi. Moi mwenyewe alikuwa bado Ikulu!

Angalia vitu vilivyohitajika: rungu mkononi, ua la waridi kwenye koti, na sauti ile nzito yenye mkwaruzo ambayo kila Mkenya aliitambua hata akiwa chumba cha pili. Hakukuwa na haja ya kumtaja mtu jina. Rungu lilitosha. Watu waliokuwa wakinong'ona habari za rais kwenye matatu waliwasha runinga wakamwona akiigizwa sebuleni kwao, na kesho yake dunia ilikuwa bado ipo.

Nyambane baadaye alipeleka sauti zake redioni, kwenye kipindi cha asubuhi cha Kiss 100 pamoja na Caroline Mutoko. Asubuhi moja msikilizaji angeweza kupata habari za bunge na mwigo wa wabunge hao hao, kabla hajafika kazini.

Sina shaka kwamba watatu hawa walifungua mlango ambao wachekeshaji wote wa Kenya waliofuata wamepitia. Mwaka 2002 Moi alipostaafu, Wakenya walikuwa wameshazoea kumcheka.

Mtu mmoja, majina mawili

Daniel Ndambuki usiku ni Churchill, mwenye kipindi cha jukwaani kilichotoa kizazi kizima cha wachekeshaji wa Kenya. Asubuhi, kwenye Classic 105 akiwa na Maina Kageni, alikuwa Mwalimu King'ang'i. Wapo waliowasikiliza wote wawili kwa muda mrefu kabla ya kugundua ni mtu yule yule. Kazi ya uchekeshaji Afrika Mashariki mara nyingi hutembea na miguu miwili, jukwaa na redio. Jukwaa linaleta jina, redio inaleta mshahara wa kila mwezi.

Kicheko kilichofikishwa mahakamani kwa njia ya laini ya simu

Idris Sultan, mchekeshaji, mwigizaji na mtangazaji wa redio wa Tanzania, alishinda shindano la Big Brother Africa mwaka 2014 na kuondoka na dola 300,000 za Marekani. Lakini picha mbili ndizo zilizompa umaarufu wa namna nyingine.

Oktoba 2019, wakati wa siku ya kuzaliwa ya Rais John Magufuli, Idris aliweka mtandaoni picha alizobadilisha sura: yeye kwenye kiti cha rais, na rais kwenye mwili wake yeye. Paul Makonda, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alimtaka aende kuripoti polisi, na alihojiwa. Mei 2020 alikamatwa tena. Safari hii alikuwa amejirekodi video akiicheka picha ya zamani ya Magufuli akiwa kijana, amevaa suti kubwa kuliko mwili. Hakuandika makala wala hakuhutubia. Alicheka tu.

Alipofikishwa mahakamani, shtaka halikuhusu kicheko hata kidogo. Alishtakiwa kwa makosa ya usajili wa laini ya simu. Kwa hiyo ukifungua majalada utakuta kesi ya laini, na Watanzania wote wakijua kilichoanzisha jambo lenyewe ni suti.

Uganda: maombi yaliyowapeleka ndani

Julai 2020, wachekeshaji wanne wa kundi la Bizonto walikamatwa Kampala kwa sababu ya video fupi. Ndani yake waliwaomba wananchi wawaombee viongozi wa nchi, kisha wakawataja mmoja mmoja kwa cheo na jina. Ukisikiliza orodha mpaka mwisho unagundua kwamba wengi wanatoka upande mmoja wa nchi, magharibi. Hawakusema lolote zaidi. Mtazamaji ndiye aliyefanya hesabu.

Uganda hiyo hiyo ina Teacher Mpamire, aliyejenga jina lake kwa kumwigiza Rais Yoweri Museveni, kofia pana kichwani na mwendo wake wa taratibu, akawachekesha hata Wakenya kwenye jukwaa la Churchill. Tofauti ya mzaha unaovumiliwa na ule usiovumiliwa inaonekana hapo wazi: kuiga sauti ya mkubwa kunaweza kupita, kuhesabu vyeo hakupiti.

Vikaragosi vya mpira vilivyoongoza nchi

Mei 2009, Citizen TV ilianza kuonyesha The XYZ Show, ambapo vikaragosi vya mpira vyenye sura za rais, waziri mkuu na mawaziri vilisema yale ambayo wenyewe wasingesema hadharani. Mwanzilishi wake ni Gado, mchora vibonzo Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alivutiwa na kipindi cha vikaragosi cha Ufaransa, Les Guignols de l'info. Kwa hiyo wakubwa wa Kenya walichekwa kwa ufundi wa Kifaransa mikononi mwa Mtanzania, na Wakenya wakafurahi.

Kibonzo kimoja cha Gado kuhusu Rais Jakaya Kikwete kwenye gazeti la The EastAfrican kilitajwa kuwa kiini cha gazeti hilo kuzuiwa kuuzwa Tanzania mwezi Januari 2015.

Daktari wa moyo, na mwalimu wa runingani

Tukivuka mipaka kidogo: Bassem Youssef wa Misri alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo kabla ya kuanza, mwaka 2011, kurekodi vichekesho vya siasa na kuviweka YouTube. Runinga ikamchukua, utawala wa Rais Morsi ukamwita kuhojiwa mwaka 2013, na mwaka 2014, chini ya utawala uliofuata, kipindi chake kikafungwa. Na Volodymyr Zelensky wa Ukraine aliigiza kwenye tamthilia ya runinga mwalimu anayekuwa rais bila kutarajia. Mwaka 2019 akagombea kweli, akapata asilimia 73 ya kura.

Kifungu kilichokuwa kikiwangoja wenye midomo

Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya ilikuwa na kosa la uchochezi dhidi ya serikali, lile lililowafunga waandishi wengi miaka ya 1980. Lilifutwa mwaka 1997. Lakini kifungu cha 132, cha kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma, kilibaki kwa miaka 20 zaidi, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba mwezi Aprili 2017. Fikiria mchekeshaji aliyesimama jukwaani Garissa akimwigiza kamishna wa kaunti: kwa maneno ya kifungu kile, mwigo mzuri ungekuwa kosa.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 33, inautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi. Natamani sana kumwona kijana wa Bulla Iftin, Garissa, akisimama nao. Malighafi anayo tele! Kwa miaka na miaka watu wa kaunti za mpakani walihojiwa na kamati maalumu kabla ya kupewa kitambulisho, wakaulizwa jina la babu, la babu wa babu, na la mzee wa mtaa, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba utaratibu huo umekwisha. Kila familia ina kisa chake cha siku ya mahojiano, na kila abiria wa basi la Nairobi ana kisa chake cha kushushwa kwenye kizuizi. Hivyo ni visa vya kujaza jukwaa usiku kucha, na mwenye haki ya kwanza ya kuvisimulia ni aliyeshushwa.

Kutoka kipaza sauti hadi karatasi ya kura

Yusuf Hassan Abdi alikuwa mtangazaji wa BBC na wa Sauti ya Amerika kabla ya kufanya kazi katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2011 alishinda uchaguzi mdogo wa Kamukunji, jimbo lenye Eastleigh, mtaa ambao mtu wa Garissa akiamka humo anaweza kudhani hajasafiri. Desemba 2012 alijeruhiwa vibaya katika shambulio la guruneti mtaani humo. Alitibiwa, akarudi, akachaguliwa tena.

Mohammed Ali, mzaliwa wa Isiolo, mji uliokuwa ndani ya ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya wakoloni, aliwatetemesha wakubwa kwa kipindi chake cha upekuzi cha Jicho Pevu kwenye runinga ya KTN. Mwaka 2017 wapiga kura wa Nyali, Mombasa, wakampeleka bungeni akiwa mgombea huru, bila chama.

Wachekeshaji nao hawakubaki nyuma. John Kiarie wa Redykyulass aligombea Dagoretti mwaka 2007 akashindwa, na miaka 10 baadaye, mwaka 2017, akashinda Dagoretti Kusini. Phelix Odiwuor, yaani Jalang'o, aliyepitia jukwaa la vichekesho kisha vipindi vya asubuhi vya Milele FM na Kiss 100, alichaguliwa mbunge wa Lang'ata mwaka 2022 kwa tiketi ya ODM.

Na Nyambane? Mwaka huo huo wa 2022 alijitosa kuwania urais wenyewe. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilimwidhinisha mwanzoni mwa Juni, kisha ikaubatilisha uamuzi huo kwa sababu ya utata wa cheti chake cha shahada. Kwa siku chache, mtu aliyewahi kushika rungu la Moi kwa mzaha alikuwa mgombea halali wa kiti cha Moi.